Namba ya Kuamkia

Umeme ulipokatika tena, fundi wa mtandao alijua ataitwa hata kabla haujarudi. Hakukosea. Aliingia zahanati akiburuta miguu, begi la waya likimning'inia begani. Shemeji yake, muuguzi wa mapokezi, alimtazama toka utosini hadi viatuni.

"Shemeji, mbona umezeeka tangu juzi?"

"Nimezeekea hapa hapa kwenu."

"Basi jikaze. Daktari mkuu amesema ruta ikiamka tupu mara nyingine, analeta fundi mwingine. Na aliyekuombea kazi hii ni mimi. Usiniaibishe."

Ruta, kile kisanduku cha kuunganisha mtandao, ilikaa kwenye kabati jembamba, nyuma ya chumba cha eksirei. Kila umeme ulipokatika, iliamka haikumbuki kitu, wala haijui hospitali kubwa inakopaswa kupeleka picha za wagonjwa. Naye kila mara aliiandikia mipangilio upya, mstari kwa mstari, akaihifadhi, akarudi nyumbani mgongo ukimuuma. Alishabadilisha waya wa umeme, hata soketi ya ukutani. Wapi!

Kwa kawaida, ruta ikiwa inaamka, yeye hutoka nje kupunga upepo. Leo aliizima na kuiwasha upya, lakini miguu iligoma kutoka. Akabaki ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisoma kwenye kompyuta yake maneno ambayo ruta huyatoa ikiamka, ambayo yeye siku zote huyapuuza. Katikati yake palikuwa na namba. Akaitambua.

Zile siku za mwanzo, nenosiri lilipopotea, aliipa ruta namba hiyo ili iwake bila kusoma ilichohifadhi, naye apate kuingia. Aliingia, na kwa furaha akasahau kurudisha namba ya kawaida. Kumbe yote aliyoandika yalikuwa humo humo, salama. Ruta ilikuwa imekatazwa tu kuyatazama.

"Ee Mungu wangu," alinong'ona. "Kazi yote ile!"

Ilibidi aizime, aikatize ikiwa ndiyo kwanza inaamka, kisha aandike namba sahihi. Akikosea tarakimu moja, huenda isiamke kabisa. Akaizima, akaiwasha, akaikatiza. Akafumba macho.

"Bwana, nishikie mikono tu."

Akaandika. Akaisoma namba, akairudia kuisoma, ndipo akabonyeza.

Alipogeuka, daktari mkuu alikuwa mlangoni, shemeji nyuma yake.

"Imepona?"

"Izime mwenyewe, daktari. Nikizima mimi, utasema ni mazingaombwe."

Daktari akachomoa waya, akauchomeka tena. Wakasubiri. Taa moja ikawaka, ikafuata ya pili. Fundi aliweka mikono yake magotini, mbali na kompyuta. Hatimaye mpiga picha akapaza sauti kutoka chumba cha eksirei:

"Zinakwenda! Picha zinakwenda!"

Daktari akaurudia ule waya. Akachomoa tena. Fundi hakuwa na nguvu hata ya kuogopa. Alitazama taa kama mtu anayetazama mvua dirishani. Ziliwaka. Mpiga picha akapaza sauti tena. Daktari akageuka, akarudi kwa wagonjwa wake.

"Kwa hiyo amesemaje?" fundi aliuliza.

"Hajasema." Shemeji alicheka kwa mara ya kwanza. "Huyo akinyamaza, ameridhika. Angekuwa na neno, wangelisikia hadi walioko barazani. Haya, nenda kalale."

"Naenda," alisema, lakini hakuinuka kwenye ndoo.