Farasi Ana Makala Yake

Jumanne saa kumi alasiri, Keneshbek alisogeza kando bakuli la chai, akafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni kwake mjini Osh, akakuta makala ya Ermek Toichuev kwenye kamusi elezo ya mtandaoni imewekewa alama ya kufutwa. Sababu ilikuwa mstari mmoja: alinyanyua vyuma Paralimpiki mara moja, akawa wa tisa kati ya tisa, hakuna chanzo huru kinachomtaja. Mjadala siku saba, kama kawaida. Keneshbek, mwandishi wa habari mstaafu, ndiye msimamizi wa kamusi elezo ile, na kuufunga mjadala ilikuwa kazi yake.

Alipoinua kichwa, Ermek alikuwa amelala chali kwenye benchi la ukutani, mikono imenyooka juu, ameshika chuma cha kilo mia na kumi. Miguu yake iliyopooza ilikuwa imefungwa mkanda, kama sheria za mchezo zinavyotaka. Alikuwa amekufa miaka minne iliyopita.

"Ermek, chai?" aliuliza Batma, mke wa Keneshbek.

"Nikishashusha, shemeji. Nasubiri neno la mwamuzi. Kule mashindanoni nilishusha kabla ya kuambiwa, wakanikatalia. Safari hii sina haraka."

Batma akatandika kitambaa cha chakula upande wa pili, asije akammwagia mtu chai.

Kesho yake alifika bi Seilkan, mama yake Ermek, na mikate miwili ndani ya shali. Kila asubuhi jirani humfungulia ukurasa ule kwenye simu, naye huitazama picha ya mwanawe ndipo anywe chai. Alimfuta Ermek jasho, akageuka.

"Keneshbek, mwanangu, si wewe ulikuja kuandika habari za karamu yetu ya kumpokea Ermek? Tena ulipewa kichwa cha kondoo, heshima ya mgeni, ukakila chote! Basi lete hilo gazeti uwaonyeshe hao."

Keneshbek akasema atalitafuta. Halikuhitaji kutafutwa, lilikuwa kabatini, na alijua kilichomo. Wakubwa kumi na mmoja walitajwa mmoja mmoja na hotuba zao, hadi daktari wa mifugo, maana gazetini kwao ndivyo ilivyokuwa: wakubwa kwanza, kwa vyeo. Kisha akatajwa farasi waliyempa Ermek zawadi, Kashka, mwekundu, mwenye alama nyeupe usoni. Jina la Ermek, Keneshbek alikuwa ameliweka sentensi ya mwisho. Nafasi ikaisha, mpangaji wa kurasa akakata kutoka chini. Yakabaki maneno "mwanamichezo wetu", bila jina.

Farasi mwenyewe Ermek hakumpanda hata siku moja. Wakubwa walimrudisha zizini kwao jioni ileile, wakamtia kwenye mchezo wa kugombania mzoga wa mbuzi, akashinda misimu sita. Ana makala ndefu yenye vyanzo kumi na kimoja, cha kwanza kikiwa gazeti lile.

Keneshbek akaandika kwenye mjadala: mwandishi ni mimi, nilikuwepo, jina lilikatwa.

"Kumbukumbu si chanzo, mzee wetu," akajibu kijana mmoja wa mji mkuu, Bishkek. "Kwani gazeti linasemaje?"

"Halimtaji."

"Na farasi?"

"Linamtaja."

"Si unaona? Futa."

Juu ya jiko, mahali pasipokuwa na taa, ikawaka taa nyekundu, kama zile tatu za waamuzi wanapomkatalia mnyanyuaji. Ijumaa mtu mwingine akapiga kura ya kufuta, ikawaka ya pili. Batma alisema angalau sasa anauona vizuri unga anaoukanda.

Siku ya saba Keneshbek aliweka kidole juu ya kitufe hadi chai ikapoa. Kanuni ya kutaka maandishi yaliyochapwa aliitunga yeye mwenyewe. Akaandika: hastahili makala ya peke yake, jina libaki kwenye jedwali la washiriki. Ikawaka taa ya tatu.

"Wamemtoa?" akauliza bi Seilkan.

"Yumo kwenye jedwali, mama. Mstari wa tisa."

"Na picha?"

"Jedwali halina picha."

Bibi akalia bila kujificha. Keneshbek naye akalia, akaenda kusimama kichwani kwa benchi.

"Shusha, ndugu yangu. Shusha upumzike."

"Wewe si mwamuzi, kaka. Wewe ulikuwa mwandishi," alisema Ermek. Hakusema kwa chuki, na ndicho kilichomuumiza Keneshbek zaidi.

Mpaka leo yupo. Kila Ijumaa Batma hupangusa chuma vumbi, na bi Seilkan huja kukaa karibu na kichwa cha mwanawe, maana picha hakuna tena. Majira ya kuchipua, makala ya Kashka iliwekwa ukurasa wa mbele wa kamusi elezo. Ermek akaomba asomewe. Alicheka hadi vyuma vikagongana.

"Mwenzangu amefika mbali, jamani!"

Hakushusha.

Keneshbek akafunga kompyuta, akasimama, akavua kofia. "Ermek Toichuev," akasema kwa sauti, "mwana wa Toichu na Seilkan. Alinyanyua."

"Rudia," akasema bi Seilkan.

Akarudia. Hakuna aliyeandika.