Swali la Tisa

Khazir Wagay hakuwa na shahada. Hakuwa na koti jeupe, wala kiti chenye mgongo, wala mlango ulioandikwa jina lake. Hakuwa na mke tena, wala meno ya nyuma, wala mjomba serikalini, na katika hospitali za Srinagar mtu asiye na mjomba huanza kwa ufagio. Kiingereza cha kusema hakuwa nacho. Cha kusoma alikuwa nacho, alikipata shule ya jioni akiwa na miaka thelathini na minne, kwenye darasa la wauza mboga na makarani waliosinzia. Zaidi ya yote, hakuwa na mazoea ya kusema, "Nimekosea."

Alichokuwa nacho ni mizani. Kila asubuhi wagonjwa wa utafiti wa moyo walipanda juu ya mizani yake, naye akaandika namba daftarini kwa mwandiko ambao madaktari wenyewe waliuonea wivu. Utafiti ulikuwa wa dawa mpya. Daktari Nighat Drabu aliwaeleza wagonjwa kwamba moyo uliochoka hujijengea makovu ndani kwa ndani, kama ngozi iliyoungua. Nyama iliyokuwa laini hukakamaa, moyo haujai vizuri wala hausukumi vizuri, maji hubaki mwilini, miguu ikavimba na pumzi ikakatika. Dawa ile ilitarajiwa kuyazuia makovu yasienee. Kwa hiyo mizani ilikuwa mlinzi wa mlango: mgonjwa akiongezeka kilo mbili kwa siku tatu, hayo si mafuta, ni maji.

Na ni Khazir, si daktari, aliyegundua kwa nini wagonjwa wote "walinenepa" baridi ilipoanza. Walikuwa wakipanda mizani na kangri zao, vyungu vya makaa, wamevificha chini ya joho. Tangu siku hiyo salamu yake ilikuwa moja: "Toa moto, kisha upande."

Fahari yake ya pili ilikuwa fomu. Maswali ishirini na sita ya kuulizwa wagonjwa yalitoka Delhi kwa Kiingereza, Khazir akayageuza kuwa Kikashmiri kwa wiki tatu. Chini ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, liliandikwa jina lake. Nakala moja aliihifadhi nyumbani ndani ya kitambaa cha hariri, kama watu wanavyohifadhi hati ya shamba.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili akaja Sula Misgar, mfua shaba wa mtaa wa Zaina Kadal.

"Toa moto, kisha upande."

"Nimeutoa, mkuu wa mizani. Nikuvulie na meno?"

"Meno yako hayana uzito. Yamebaki mawili."

"Hayo mawili yanauma kuliko maneno yako yote."

Walizaliwa uchochoro mmoja hao, na walikuwa wamechokozana hivyo kwa miaka sitini. Lakini sindano ya mizani iliposimama, Khazir aliacha kucheka. Kilo sitini na tano na nusu. Ijumaa zilikuwa sitini na tatu. Akainama, akakandamiza kidole gumba kwenye muundi wa rafiki yake. Alipokiondoa, shimo likabaki palepale, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa.

Daktari Nighat akaja, akaliona shimo.

"Baba Sula, umekula chumvi."

"Sijala, binti yangu."

"Achari je?"

"Sijaionja tangu Ramadhani."

"Mwili hausemi uongo, baba."

"Basi anayesema uongo ni mimi? Naapa kwa kaburi la walii Makhdum Sahib, ulimi wangu umesahau chumvi inafananaje!"

Daktari alimvuta Khazir pembeni, karibu na dirisha.

"Kaka Khazir, hii ni alama yake nyekundu ya tatu. Kamati ya Delhi inakaa tarehe ishirini. Wasiofuata masharti wanatolewa."

"Akitolewa?"

"Dawa inasimama siku hiyohiyo. Haiuzwi dukani, unajua mwenyewe."

Khazir alijua. Kabla ya dawa ile, Sula alikuwa akipumzika mara mbili kupanda ngazi nne za msikiti, na nyundo yake ilikaa kimya mwaka mzima. Sasa uchochoro mzima uliisikia tena, ko, ko, ko, akizichonga samovari, yale mabirika makubwa ya shaba, maua na majani. Dawa ikisimama, nyundo ingenyamaza, na baada ya nyundo, mwenye nyundo.

Sula alikuwa akimsubiri ukumbini, anafunga kamba za viatu ambazo hazikufungika tena juu ya miguu ile.

"Na wewe unaniona mwongo?"

"Nakuona mlafi. Mlafi na mwongo ni ndugu."

"Haya. Njoo kesho kwangu, chai ya asubuhi. Fungua mitungi, nusa sufuria, pekua hadi mto ninaolalia. Ukikuta chembe moja ya chumvi, nitakubebea mizani yako kichwani hadi Lal Chowk, watu wanicheke."

"Nitakuja. Na nitapekua."

Kesho yake alipita kwa mwokaji, akanunua mikate ya moto, akaenda. Alipekua kweli. Haseena, mke wa mtoto wa Sula, alimfungulia mtungi mmoja baada ya mwingine bila kununa. Mtungi wa chumvi ulikuwa mtupu na umeoshwa. Nyanya alizozikausha kiangazi hazikutiwa chumvi. Hata mkate alikuwa akimkandia baba mkwe wake peke yake.

"Keti unywe, kaka Khazir," alisema Haseena. "Upekuzi nao unachosha."

Akamimina kutoka kwenye samovari. Chai ikaanguka kikombeni na rangi yake ya waridi, maziwa yakizunguka juu. Khazir akanywa. Chumvi, ambayo chai ya kwao hutiwa badala ya sukari, haikuwamo, hilo lilikuwa kweli. Ilikuwamo ladha nyingine, butu, inayoteleza ulimini kama sabuni. Akakitazama kikombe. Waridi ile ilikuwa imezidi. Ilikuwa imekaribia kuwa shavu la bibi harusi.

"Mbona imeiva rangi hivi?"

"Ni phul," alisema Haseena.

Phul ni magadi. Hakuna nyumba ya Kikashmiri isiyo nayo, kwa kuwa majani ya chai yasipochemshwa na magadi hayatoi waridi, na chai isiyo waridi hapewi mgeni wala adui.

"Tangu chumvi ikatazwe, baba anasema chai haina roho," Haseena aliendelea. "Basi namwongezea phul, angalau macho yafurahi. Zamani nilitia kibano kimoja. Sasa natia vijiko vitatu."

"Vitatu!"

"Phul si chumvi," alisema Sula, mdomo umejaa mkate. "Hata fomu yako haiulizi phul. Imeuliza chumvi. Nimejibu."

Khazir aliomba pakiti. Akavaa miwani, akasoma yale maandishi madogo ya Kiingereza ambayo mtu mwingine yeyote katika nyumba ile angeyapita. Neno la kwanza lilikuwa sodiamu.

Akalisoma tena. Mkate ukapoa mkononi mwake.

Swali la tisa. Fomu ya Delhi haikusema chumvi. Ilisema sodiamu: je, mgonjwa ametumia kitu chochote chenye sodiamu? Naye Khazir Wagay, kwa mwandiko wake mzuri, aliandika *nun*, yaani chumvi, kwa sababu neno hilo lilikaa vizuri kwenye mstari na kila bibi kizee angelielewa. Wala hakumuuliza mtu. Mwalimu wa shule ya jioni aliwahi kuandika ubaoni vitu vyote vyenye sodiamu, na magadi yalikuwamo. Khazir alikuwa ameyanakili.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliwatoa wenzake kangri chini ya majoho, na yake mwenyewe hakuiona.

"Vipi," alisema Sula. "Umekuta chembe?"

"Usiinywe hiyo chai," alisema Khazir, akamnyang'anya kikombe.

Hospitalini alimkuta Daktari Nighat mezani anaandika. Pembeni mwa karatasi zake kulikuwa na kikombe cha waridi kinachofuka mvuke. Khazir akaiweka pakiti ya magadi karibu na kikombe, akageuza maandishi yamwelekee daktari. Daktari akasoma, akatazama kikombe chake, akatazama pakiti tena.

"Yaani mimi," alisema taratibu, "nimesoma moyo miaka kumi na miwili. Na hii nimeinywa tangu nilipoacha kunyonya."

"Sote, mama daktari. Ndiyo maana hakuna aliyeiona."

"Wenye alama nyekundu ni wangapi?"

"Kumi na mmoja." Alikuwa amekwisha kuwahesabu njiani.

Siku ileile walikubaliana. Sula asitie phul hata kibano, kipimo cha vidonge vyake kisiguswe, na mizani iseme. Jumatano asubuhi mizani ilisema sitini na nne na nusu. Alhamisi, sitini na tatu na robo tatu. Ijumaa, sitini na tatu. Jumamosi Khazir alikandamiza kidole gumba kwenye muundi wa Sula na shimo halikukaa.

"Kilo sitini na mbili na nusu," alitangaza, kwa sauti ambayo wauguzi waliisikia hadi mwisho wa ukumbi.

"Na maisha hayana ladha," alisema Sula. "Nakunywa maji ya kuoshea vyombo. Andika na hilo."

Kamati ilitaka maelezo ya maandishi yenye sahihi ya wino. Daktari akavuta karatasi. "Nitaandika kwamba palitokea hitilafu ya tafsiri. Inatosha. Hakuna haja ya kutaja mtu."

Pale ndipo ulipokuwa mlango, na ulikuwa wazi. Khazir angeweza kupita bila hata kuinamisha kichwa. Alifikiria kile kitambaa cha hariri nyumbani. Kisha akafikiria watu kumi na mmoja walioitwa waongo kwa sababu ya neno lililokaa vizuri kwenye mstari.

"Mama daktari, hitilafu haina jina la baba. Mimi ninalo. Jina langu liko chini ya fomu ile, na wakati wa sifa sikuomba lifutwe. Nipe kalamu."

Aliandika Kiingereza chake cha shule ya jioni, kifupi, kisicho na mapambo: "Swali la tisa liliuliza sodiamu. Mimi, Khazir Wagay, niliandika chumvi. Nilikosea. Magadi yana sodiamu, na chai ya kwetu haiwi chai bila magadi. Wagonjwa walijibu kweli swali nililowauliza. Alama nyekundu za watu kumi na mmoja ni zangu, si zao. Naambatanisha uzito wa Sula Misgar wa tangu Jumatatu hadi Jumamosi na swali la tisa lililosahihishwa. Kwa heshima naomba abaki kwenye dawa, na wenzake wapimwe upya." Akatia sahihi. Daktari akasoma, hakubadilisha hata nukta, akatia sahihi yake chini ya ile ya Khazir. Chini, si juu.

Gundi ya ofisini ilikuwa imekauka. Sula, aliyekuwa akisubiri mlangoni, akafungua chombo cha chakula alichopakiwa na Haseena, akatoa punje chache za wali.

"Hauna chumvi," alisema. "Nimeonja kwa huzuni."

"Na mizani utabeba lini?"

"Umekuta chumvi, au umekuta phul?"

"Nimekuta chumvi isiyoitwa chumvi."

"Basi nitabeba nusu ya njia."

Khazir aliziponda zile punje kwenye ukingo wa bahasha, akaukunja, akaukandamiza kwa kidole gumba kilekile. Alipokiondoa, karatasi ilikuwa imeshika. Wakateremka wote wawili hadi posta ya ukingoni mwa mto, Sula akipanda ngazi za mlangoni bila kusimama hata mara moja. Karani akaipima barua, akaigonga muhuri, akaitupia kwenye mfuko wa Delhi.