Dada Mwenye Sentensi Kumi na Moja

Mezani pale walimwita Ushahidi, na jina lilimkaa kama nguo aliyopimiwa. Msahihishaji mwenzake yeyote aliposema kwamba mhusika fulani ni mbinafsi au mwoga, yeye aliuliza kwa upole, "Ushahidi uko wapi?" Walimtania kwamba hata mumewe akimwambia anampenda, huulizwa ni sura ya ngapi na ukurasa gani. Alicheka pamoja nao. Alikuwa amefundisha fasihi miaka ishirini na miwili, na huu ulikuwa mwaka wake wa saba kuitwa kusahihisha mitihani ya mwisho.

Walikuwa watu wanane kwenye meza ndefu, moja kati ya kadhaa ndani ya bwalo la shule iliyofungwa kwa likizo. Viti vilikuwa vya mbao, vya kuumiza mgongo kabla ya saa nne. Kila asubuhi waliletewa bahasha kubwa, kila moja na karatasi hamsini za majibu zisizo na jina la mtu, namba tu. Wiki mbili nzima kazi yao ilikuwa swali moja. Lilitoka kwenye riwaya iliyosomwa na wanafunzi wote, kisa cha ndugu wawili wa kiume wanaogombea mashine ya kusaga nafaka aliyoiacha baba yao. Swali liliwataka waeleze jinsi mwandishi alivyoutumia ufunguo wa mashine kama ishara, na jinsi ishara hiyo inavyojenga taharuki.

Mwongozo wa usahihishaji ulikuwa na hoja tano, kila hoja alama nne. Ufunguo ni urithi. Ufunguo ni mamlaka. Ufunguo unapohama mkono, taharuki inapanda. Na kadhalika. Kufikia siku ya nne Ushahidi alikuwa ameyasoma maneno "ufunguo unaashiria mamlaka" mara nyingi hata yakapotea ladha, kama chingamu iliyotafunwa tangu asubuhi.

Ijumaa ya wiki ya pili, mchana, bahasha ya pili ya siku ikiwa karibu kwisha, akafungua karatasi yenye mwandiko mdogo uliobanana. Jibu lilianza hivi: "Ufunguo hauleti taharuki. Unatufanya tuangalie mahali pasipo na kitu."

Akajiweka sawa kwenye kiti.

Mtahiniwa yule hakuwa na habari na mashine wala ufunguo. Aliandika kuhusu dada wa wale ndugu wawili, ambaye mwandishi hakumpa hata jina. Kitabu kizima ni "dada yao" tu. Anasema mara kumi na moja, kila mara sentensi moja. Mtahiniwa alikuwa amezihesabu. Kati ya hizo, saba ni za kuomba kitu: maji, kuni, mtu wa kumshikia ngazi. Na kila anapoomba, ndugu zake wako karibu kushikana mashati. Mmoja anainuka kumsaidia, na hasira inapoa. Katika sura ya kumi na mbili dada yuko safarini, amekwenda kumzika rafiki yake. Siku hiyo ndiyo kaka mkubwa anampiga mdogo wake kwa nondo.

"Ufunguo ulikuwepo siku zote na hakuna aliyepigwa," alimalizia. "Damu ilimwagika siku ambayo dada hakuwepo. Kwa hiyo taharuki haiko kwa mwenye ufunguo."

Ushahidi alirudia kusoma. Alikuwa amekifundisha kitabu hicho miaka minne. Kila mwaka aliandika ubaoni kwamba dada ni mhusika bapa, hana mchango mkubwa, na wanafunzi wakanakili. Sasa alijaribu kuikumbuka sura ya kumi na mbili, na hakukumbuka dada alikuwa wapi. Hakuwahi kujiuliza.

Lakini mwongozo ulikuwa mbele yake, na kwa mwongozo ule jibu liligusa hoja moja tu, tena kwa mbali. Akaweka alama nne kati ya ishirini, akatia sahihi ya kifupi, akafunga bahasha. Njiani kurudi nyumbani alijisikia kama mtu aliyetoka bila kufunga bomba, akapekua moyoni asijue ni bomba lipi.

Jumapili alikwenda kwa mama yake, kama kawaida ya familia. Mama alikuwa na miaka themanini na moja, akiishi na mtoto wake wa kwanza, dada yake Ushahidi, mwanamke mkimya asiyewahi kuolewa. Kaka zao wawili walikuwa wamefika mapema, na chakula kilipokwisha waliingia kwenye jambo walilolizungumza mwaka mzima. Kaka mkubwa alitaka mama ahamie kwake, kwenye vyumba vikubwa. Kaka mdogo alisema nyumba ile ina ngazi, mama ataanguka, heri ahamie kwake yeye. Mkubwa akasema ngazi zina kingo. Mdogo akasema kingo hazikumsaidia mtu fulani. Sauti zikaanza kupanda, na mkubwa akaanza kugonga meza kwa kidole, jambo alilolifanya siku zote kabla ya kusema neno la kujutia.

"Nani atanishikia sufuria hii?" dada aliuliza kutoka mlangoni mwa jiko. "Mkono umechoka."

Kaka mkubwa akainuka. Aliporudi alikuwa anazungumzia mvua.

Dakika ishirini baadaye waliuwasha ubishi tena. Dada akauliza kama kuna aliyeiona miwani ya mama. Kaka mdogo akainama chini ya kochi, akainua mito, akatoka hadi barazani. Miwani ilikuwa mapajani mwa mama.

Ushahidi alikaa na kikombe mkononi, chai ikapoa. Kisha alimfuata dada yake jikoni. Sufuria ilikuwa juu ya meza. Akaifunua.

"Dada, hii ilikuwa na nini?"

Dada alikuwa anafuta meza. "Haikuwa na kitu."

"Na mkono?"

"Mkono hauna neno." Akakamua kitambaa kwenye sinki. "Kaka yako akikaa kitako muda mrefu anakuwa mkali. Lazima ainuliwe."

"Tangu lini unafanya hivi?"

"Tangu baba afariki. Wewe ulikuwa masomoni, mdogo wangu."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anayetaja saa. Baba yao alikuwa amefariki miaka ishirini na saba iliyopita. Ushahidi alichukua kitambaa kingine akaanza kukausha sahani.

Jumatatu alifika bwaloni kabla ya wengine, akamkuta kiongozi wa meza yao anapanga bahasha. Huyu walimwita Rula. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnyoofu tu, wa kupanga hata vifuniko vya kalamu vielekee upande mmoja. Ushahidi alimwomba bahasha ya Ijumaa. Rula akauliza kuna nini. Akaeleza yote isipokuwa ya sufuria, kisha akampa karatasi asome.

Rula alisoma polepole, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaendelea. Alipomaliza aliivua miwani.

"Jibu zuri," alisema. "Lakini halimo kwenye mwongozo."

"Limo kwenye kitabu."

"Mwalimu, sisi hatusahihishi kitabu. Tukimfungulia huyu mmoja, kila mtoto aliyejiandikia lake tutamwambia nini?"

Alikuwa na sababu. Mwaka mmoja, kabla Ushahidi hajajiunga nao, meza aliyoiongoza Rula ililegeza mwongozo kwa huruma, ikabidi karatasi elfu mbili zirudiwe na yeye akaitwa kujieleza. Hilo alilisimulia bila kupandisha sauti. Ushahidi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia haombi huruma. Anaomba ushahidi uangaliwe. Usiposimama, alama nne zibaki na yeye hatalitaja tena. Rula alishusha pumzi, akaichukua karatasi, wakaenda pamoja kwa msahihishaji mkuu.

Msahihishaji mkuu alikuwa mama wa makamo aliyezungumza kidogo na kusikiliza sana. Kwenye meza yake ndiko kulikowekwa nakala ya riwaya, ya kuhakiki manukuu. Aliwaita wasahihishaji wote wa swali lile wasogeze viti, akalisoma jibu kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja wao, kijana aliyefundisha ushairi, alinyoosha mkono. Alisema jibu limemvutia, ila swali liliuliza kuhusu ufunguo, na anayeulizwa habari ya ufunguo akajibu habari ya dada amekwepa swali.

Baadhi waliitikia kwa kichwa kukubaliana naye. Ushahidi mwenyewe aliona hoja ile ina uzito. Alisema mtahiniwa hakuukwepa ufunguo. Ameutazama, akakataa kwamba unajenga taharuki, na akatoa sababu. Kukataa kwa sababu ni kujibu.

"Basi tuzione hizo sababu," alisema msahihishaji mkuu, akamsogezea kitabu.

Walikaa zaidi ya saa nzima. Ushahidi alisoma kila sentensi ya dada, Rula akaandika sura na ukurasa. Maji, sura ya pili. Kuni, sura ya tatu. Wengine waliokuwa wamekuja kwa shingo upande wakaanza kuinama juu ya meza, na kijana wa ushairi ndiye aliyeipata ngazi kabla yao wote. Walipofika sura ya saba, Ushahidi alifunua ukurasa wa nyuma, akaurudia.

"Hapa amekosea," alisema. "Anasema dada anaomba taa. Anayeomba taa ni jirani."

Angeweza kupita. Hakuna mwingine aliyekuwa na kitabu mkononi. Rula akakata mstari mmoja kwenye orodha yake. Zikabaki sita. Wakaendelea hadi sura ya kumi na mbili, na kweli, aya ya kwanza kabisa ilimpandisha dada kwenye gari, na hadi nondo inainuliwa hakuwa amerudi.

Msahihishaji mkuu hakutoa hotuba. Alimwuliza Rula maoni yake kama kiongozi wa meza. Rula alikunja karatasi yake mara mbili.

"Mwongozo wetu una pengo," alisema. "Tuseme ukweli."

Ikaongezwa sentensi moja chini ya zile hoja tano: mtahiniwa anayetoa hoja nyingine kuhusu ishara na taharuki, akaithibitisha kwa matini, apewe alama zake. Mtahiniwa yule alipata kumi na saba. Alama tatu zilikatwa, mojawapo kwa ajili ya taa ya jirani. Halafu msahihishaji mkuu akasema jambo ambalo kila mtu alikuwa ameshaliona linakuja: kwa kuwa mwongozo umebadilika, bahasha zote zilizokwisha zifunguliwe upya. Siku tatu zaidi kwenye vile viti. Watu waliguna, mmoja akauliza kama mtahiniwa huyo anaweza kuwaletea mito, wakacheka, wakarudi kazini.

Siku ya pili ya marudio Ushahidi alifika kwenye bahasha aliyoisahihisha mwanzoni kabisa, alipokuwa bado na nguvu na kalamu mpya. Karatasi ya kumi na kitu ilikuwa ya mwandiko mkubwa uliofutwafutwa, wa mtoto ambaye kuandika kwake ni kupanda mlima. Katikati ya ukurasa palikuwa na mistari miwili: dada yao ndiye anawazuia wasipigane kwa kuwaita kumbe hawajui. Pembeni yake palikuwa na alama ya kosa, nyekundu, iliyochorwa kwa haraka na mkono wenye hakika. Chini yake ilikuwa sahihi yake mwenyewe.

Alikaa akiitazama. Kosa lile hakukumbuka kuliweka. Mtoto hakutaja sura wala ukurasa. Aliona tu, akasema kwa maneno aliyokuwa nayo. Sheria haikuruhusu kufuta, kwa hiyo alipiga mstari juu ya alama ile, akaandika mbili, akatia sahihi upya. Nne hakuweza kumpa, ushahidi ulikuwa haba, na yeye hakuwa mtu wa kujipoza kwa alama za bure. Lakini aliinuka, akaenda dirishani, akasimama hapo hadi Rula alipomuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, macho tu.

Kwenye meza zote zilipatikana karatasi thelathini na moja zilizokuwa zimenyimwa haki kwa namna hiyo. Rula alikuta nne ndani ya zake mwenyewe, na akatangaza bila kuulizwa. Alhamisi jioni walifunga bahasha ya mwisho, wakapeana mikono. Wale wawili, wa mwandiko mdogo na wa mwandiko mkubwa, Ushahidi hakuwahi kuwajua. Zilikuwa namba, na namba huenda zinakokwenda.

Jumapili iliyofuata alikwenda tena kwa mama. Kaka zake walianza kabla hata vyombo havijatolewa, ngazi hivi, kingo vile. Dada alikuwa anakunywa chai karibu na dirisha. Alipoweka kikombe chini ili aseme neno, Ushahidi alimtangulia.

"Mama mwenyewe amesemaje?" aliuliza. "Mwaka mzima nawasikia mnasema mama anataka. Kasema lini?"

Kidole cha kaka mkubwa kilisimama juu ya meza. Kaka mdogo alimtazama mama kana kwamba ndiyo kwanza ameingia chumbani.

Mama aliwageukia wote wawili. Alisema hataki kuhama. Kitanda chake kimezoea ukuta ule, na yeye amemzoea binti yake, na kama wanataka kumfanyia jambo, wamtafutie mtu wa kufua mara mbili kwa wiki, dada yao apumzike. Kisha akaomba apewe kipande kingine cha mkate.

Walianza kujadiliana siku za kufua, kwa sauti za kawaida. Dada alibaki dirishani. Alimaliza chai yake yote ikiwa bado ya moto, akajimiminia nyingine.