Mgeni kwa Mama

Zoezi lilikuwa jepesi: jioni moja uishi nyumbani kwenu kama mgeni, kisha uandike wenyeji wako walivyofanya. Usieleze chochote mpaka jioni iishe. Mwalimu wetu wa sosholojia, Bi. Haskell, alisema sheria za jamii huonekana zikivunjwa. Darasa zima tulicheka. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimerudi kwa mama baada ya talaka, na nilijiona mjanja kuliko watoto wote wa kile chuo chetu cha miaka miwili.

Mama alirudi kutoka nyumba ya wazee, anakofua mashuka, akapakua maharage yetu ya kila Jumamosi. Nikabaki nimesimama mlangoni.

"Samahani, Bi. Pelletier, naweza kukaa?"

"Kaa, malkia. Au tukutandikie zulia?"

Nikakaa. Nikaomba ruhusa ya kufungua friji, akacheka. Nikamshukuru kwa ukarimu wake, akanitazama. Nilipouliza choo kiko upande gani, akaweka mwiko chini.

"Renée, unatuonea aibu?"

Ningeweza kusema pale pale. Lakini jioni ilikuwa haijaisha, nami nilitaka alama.

"Hapana, Bi. Pelletier. Mna nyumba nzuri sana."

"Baba yako kabla hajafa alisema, huyu akiingia chuo atarudi humu mgeni. Nikamwambia afunge domo lake." Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. "Kumbe mjinga ni mimi."

Hapo nikaogopa. Nikamwambia ni kazi ya chuo tu, mama, ni mchezo. Nilidhani atanirushia kitambaa cha vyombo, tucheke yaishe.

"Mwalimu atasoma?"

"Atasoma. Jina nitabadilisha."

"Na hayo ya baba yako?"

Nikaanza kukusanya sahani.

"Hayo usiandike, mwanangu. Tunga mengine. Hayo niachie mwenyewe."

Nikamwahidi. Jumapili nikaandika yote, neno kwa neno, maana bila yale machozi sikuwa na kitu cha kuandika. Nikapata A. Bi. Haskell aliisoma mbele ya darasa bila jina, lakini mji wetu ni mdogo, na kabla ya Ijumaa habari zilikuwa zimefika kazini kwa mama, kwenye mashine za kufulia. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu nimepata ngapi, nikamwambia, akasema hongera. Aliisema kwa moyo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mwezi wa tano jirani yetu Bi. Cyr alipiga simu kuuliza mama ameamkaje, na kama kidonda bado kinamsumbua.

"Kidonda gani?" niliuliza.

Mama alikuwa ametolewa uvimbe kwenye titi siku tatu nyuma. Bi. Cyr ndiye aliyempeleka hospitali na kumrudisha. Mimi niliambiwa ameongezewa zamu.

Nikamfuata mama chumbani. Nikamuuliza mbona hakuniambia, mimi mwanae wa pekee, nasi tunaishi nyumba moja.

Alifunga vifungo vya blauzi mpaka shingoni.

"Ungeandika," alisema.