Ubishi wa Ijumaa juu ya Meneja Bora

Kila Ijumaa ya Kwaresima Irena Hudak alisimama mbele ya karai la mafuta katika jiko la chini ya kanisa, akikaanga samaki wa mfuko wa parokia. Na kila Ijumaa wanaume wa meza iliyo karibu na dirisha la kupitishia sahani walibishana habari za besiboli mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Tangu kiwanda cha chuma kifungwe, hawakuwa na kingine cha kugombania.

Siku hiyo ubishi ulikuwa juu ya mameneja, yaani makocha wakuu wa timu. Tangu mchezo uanze, nani aliyeongoza timu vizuri kuliko wote?

"Connie Mack," alisema Gus Petrakis, fundi viatu. "Miaka hamsini na timu moja, bwana. Hamsini!"

"Na hakuna meneja aliyefungwa mara nyingi kama yeye," akadakia Andy, shemeji yake Irena. "Hata mimi ukiniweka hapo miaka hamsini, mechi mbili tatu nitashinda."

"Wewe? Wewe hata nyumbani meneja ni mkeo!"

Wakacheka. Andy hakukubali kuzimwa. "Mimi nasema Danny Murtaugh wetu. Kombe la mwaka sitini, kombe la sabini na moja. Moyo mgonjwa, anastaafu, timu yake ya Pirates inamwita, anarudi. Nionyeshe mwingine."

"Stengel alibeba makombe matano mfululizo!" mwingine akapaza sauti.

"Kwa wachezaji wale wa New York, hata paka wangu angebeba!" Andy akajibu.

Irena alitabasamu peke yake huku akigeuza samaki. Maneno hayo alikuwa ameyasikia tangu marehemu mumewe akiwa mmoja wa wabishi.

Hapo akaingia Ray Colaizzi, na viti vikasogezwa haraka. Ray alikuwa amefundisha timu ya shule ya mji ule mpaka nywele zikamwisha, na Jumanne iliyofuata baraza la mji lilikuwa lipige kura uwanja upewe jina lake.

"Mwenyewe huyo!" Gus akapaza sauti. "Kocha, tuamulie. Meneja bora ni yupi?"

Ray akaketi, akavuta sahani yake ya samaki na kabichi, akawaacha wangoje kidogo.

"Meneja bora ni yule anayemjua mchezaji kuliko mchezaji anavyojijua," alisema. "Mnaikumbuka fainali yetu ya jimbo? Denny Hudak, mtupa mpira wetu, ananijia katikati ya mchezo, machozi yanamtoka. Kocha, vidole sivisikii. Natazama kiwiko, kimevimba hivi. Nikamwambia, mwanangu, rudi pale ukatupe, na mama yako asijue. Akarudi. Akawamaliza wote! Sasa huo ndio umeneja."

Meza nzima ikapiga makofi. Kisha Andy akaacha kucheka ghafla, akageuza macho taratibu kuelekea dirisha la jikoni.

Irena alikuwa amesikia kila neno. Samaki walikuwa wakiungua mbele yake, asiwaone. Alichokiona ni meza ya jikoni kwake, mwaka ule, baada ya madaktari kukipasua kiwiko cha Denny mara ya pili na kusema hatatupa mpira tena. Ray alikaa pale, akanywa kahawa, akamshika Irena mkono. Naapa kwa Mungu, Irena, mtoto hakuniambia neno. Naye Irena akamwamini. Miaka yote hiyo akawa anamwambia mwanawe, ni ukaidi wako, ungesema mapema ungekuwa na mkono.

Akazima gesi. Akatoka na kijiko cha kukaangia mkononi, mafuta yakidondoka sakafuni.

"Rudia," alisema.

"Irena," Ray akaweka uma chini. "Sikujua kama unasikia..."

"Najua hukujua. Rudia ulichosema. Kiwiko kimevimba vipi?"

"Shemeji, mambo ya zamani hayo," Andy akajaribu.

"Nyamaza, Andy! Ulipiga makofi." Akamrudia Ray. "Ulikaa nyumbani kwangu ukamtaja Mungu."

"Tulishinda, Irena. Mji mzima ulishinda."

"Mwanangu ana miaka thelathini, hawezi kuchana nywele kwa mkono wa kulia! Nani alishinda, Ray?"

Denny mwenyewe alikuwa ameingia kumchukua mama yake, koti la kazini bado limemkaa begani. Akasimama mlangoni.

"Mama, acha."

"Ulimwambia unaumia?"

"Nilimwambia."

"Na mimi ukaniacha nikulaumu wewe?"

"Alisema nisikwambie." Denny akatazama viatu vyake. "Mama, huyu bado ndiye kocha bora niliyewahi kuwa naye."

Ray akainua kidevu kidogo sana, lakini Irena aliona. Hasira ikampanda mpaka masikio yakavuma. Akanyanyua sahani ya Ray, akaimimina yote kwenye pipa la taka.

"Hapa huli."

Jikoni, Helen Novotny, mpishi mwenzake Irena, akateremsha kifuniko cha dirisha kwa kishindo. Hakuna aliyepewa chakula tena mpaka Ray aliposimama na kwenda zake. Na aliyemshikia koti, akamsindikiza hadi kwenye gari, alikuwa Denny.

Jumanne Irena alikwenda barazani akasimama mbele ya wote akasema yaliyotokea, bila kulia. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha wakapiga kura, na uwanja ukapewa jina la Ray Colaizzi. Gus, ambaye naye alikuwa diwani, ndiye peke yake aliyekataa.

Mama na mwana hawakusemezana tena mpaka Pasaka, Denny alipokuja na mguu wa nguruwe wa kuokwa, ameubeba kwa mkono wa kushoto. Walikula pamoja. Denny alipokuwa akiosha vyombo, Irena alimwona akibadilisha mkono kila dakika.

"Kinauma?" akauliza.

Kwa kawaida Denny angesema hapana. Alikunja taulo, akalikunjua.

"Kinauma, mama. Kila siku kinauma."

Irena akamvutia kiti, akamkanda kiwiko kwa maji ya moto, taya zimekaza. Alikuwa bado na hasira, tena nyingi. Ila haikumhusu Denny hata tone.