Mabegi Sita ya Dimbwi la Juu

Siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu Benoit, mdogo wake Alwin alisimama mlangoni pangu akaniuliza narudi lini kwetu. Kwetu ni pwani, upande wa pili wa kisiwa. Huku Fon Zabriko, juu milimani, nimeishi miaka ishirini na saba na watoto wangu watatu wote nimewazalia hapa. Lakini kwa Alwin mimi ni mtu wa kuja tu.

Kilichomuuma hasa ni maporomoko ya maji. Kimbunga kilipoifuta njia ya zamani ya kupandia huko, mimi na Benoit ndio tulioifungua upya kwa panga na sululu, na tangu hapo watu wanaoshuka kwenye meli za watalii wakitaka kuoga kwenye madimbwi walikuwa wanatuulizia sisi. Benoit alipofariki, Alwin naye akaanza kuongoza wageni. Hilo sikulipinga, mto si wangu. Ila yeye alitaka awe peke yake. Alikata kamba nilizofunga sehemu zenye utelezi. Akawa anawaambia wageni kule barabarani kwamba nimechanganyikiwa tangu nifiwe. Tukikutana dukani alikuwa ananisonya, nami namsonya, na mwenye duka anajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi nilipanda na wageni wawili: Solange, mwalimu kutoka Gwadelupe, na mama yake. Tulipofika Dimbwi la Juu tukamkuta Alwin na watu sita wa meli, wote wamo majini. Mabegi yao yalikuwa kwenye jiwe pana kando ya njia.

"Pamejaa, shemeji," Alwin aliniambia, maji yamemfika kifuani. "Wapeleke wako kule chini wanakofulia watu."

"Dimbwi hili halina jina lako."

"Lina la ukoo wangu. Wewe hilo jina uliazima, na aliyekuazima kishakufa."

Alicheka, na wageni wake wakacheka naye ingawa hawakuelewa neno. Solange alielewa, maana Kikreoli chao na chetu havipishani sana. Akaniangalia. Mimi jibu nilikuwa nalo tayari, tena chafu, lakini macho yangu yalikuwa yameshahamia kwenye maji. Yalikuwa yanaanguka na majani mabichi, yaliyochanika, pamoja na vijiti. Rangi ilikuwa imeanza kugeuka kama chai ya kakao. Na ile harufu ya udongo uliofukuliwa ikanijia puani.

"Watoe watu, Alwin. Maji yanakuja."

"Na jua lote hili?"

"Jua liko hapa. Huko mlimani unakujua? Tazama hayo majani!"

"Mimi nimezaliwa kwenye mto huu, mwanamke wa pwani usinifundishe. Umekosa wateja, sasa unawatisha wangu."

Nikawapigia kelele wageni kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: tokeni, tokeni! Alwin akawaambia kwa Kiingereza chake kizuri kwamba mimi ndiye yule kichaa ambaye alishawasimulia habari zake. Mzee mmoja mwenye kofia akanipungia mkono kwa upole, kama unavyompungia mtoto anayelia.

Solange alikuwa ameshamshika mama yake, wanapanda. Nilichofanya baadaye sikukipanga. Niliyakusanya yale mabegi yote sita, mengine nikayavaa shingoni, mengine nikayakumbatia, nikatimua mbio mlimani.

Ndipo waliponielewa. Walitoka majini wote, peku, wanapiga mayowe, maana simu, pasi za kusafiria, kila kitu nilikuwa nacho mimi. Alwin alitoka wa mwisho lakini akawapita wote. Kwenye kona ya pili alinidaka nywele, akanizungusha, akanipiga mdomoni. Begi moja likanidondoka, likabingirika hadi chini.

"Mwizi! Mwizi mkubwa wewe! Leo nakuua!"

Aliinua mkono mara ya pili. Haukushuka, kwa sababu ardhi ilianza kutetemeka chini ya miguu yetu. Maji yalikuja yakiwa meusi, marefu kama nyumba, yamebeba magogo na mawe yanayogongana. Dimbwi likapotea. Lile jiwe pana likapotea. Matope yakaturukia hadi pale tulipokuwa.

Mwanamke mmoja wa meli alikaa chini akaanza kulia. Alwin bado alikuwa ameshika nywele zangu. Solange ndiye aliyeshuka akavibandua vidole vyake, kimoja kimoja.

Meli iliondoka jioni ileile. Kabla haijaondoka, mwenye begi lililopotea alitaka iandikwe kituo cha polisi kwamba limepotea, na Alwin akaona hapo ndipo pa kunimalizia. Aliandikisha kwamba nimeiba, na kwamba yeye ndiye aliyeona mafuriko akawaokoa watu. Kesho yake mama mkwe alinitumia ujumbe kwamba nimelichafua jina la mwanawe marehemu. Hakuniuliza mdomo umefanya nini.

Koplo Fontaine alituita wote wawili. Alisikiliza, akajikuna kidevu.

"Alwin, maji yalipofika ulikuwa wapi?"

"Kwenye kona ya pili. Nimemkamata."

"Na wageni wako?"

"Nyuma yangu."

"Wamefuata nini huko juu?"

"Mabegi yao."

"Kwa hiyo asingeyachukua?"

Koplo akaikunja karatasi yenye maelezo ya Alwin mara mbili na kuitia kwenye droo. "Nendeni nyumbani. Na wewe, Alwin, mkono wako ukigusa tena uso wa shemeji yako, utalala humu."

Nje, Alwin alinisubiri kwenye gari lake.

"Usidhani nitakushukuru."

"Sikufanya kwa ajili yako. Ungekuwa peke yako mle majini, ningekaa juu nikakuangalia."

Neno hilo nililisema nikimaanisha, na aliona namaanisha. Akawasha gari akaondoka. Nami nikapanda kilima kwa miguu, mdomo umevimba, na ajabu ni kwamba usiku ule nililala vizuri.