Tiki Tatu za Uongo

Karatasi ilibandikwa ukutani, juu ya kitanda, ina visanduku vinne kwa kila siku. Mtoto akisukutua kwa maji ya chumvi na kupigwa mswaki laini, mama anaweka tiki. Manesi walikuwa wachache, kwa hiyo mkono wa mama ndio ulioaminiwa.

Tangu jana mchana, mama huyu alikuwa ameweka tiki tatu za uongo.

Si kwa uvivu. Binti yake wa miaka sita, ambaye wodi nzima ilimwita Bosi kwa jinsi alivyoamrisha watu, alianza kulia kila alipouona mswaki. Dawa za kansa zilikuwa zimemchubua ufizi, na juzi alitema mate yenye damu. Mama roho ikamuuma. "Basi, pumzika mama," akamwambia, akachukua kalamu.

Kilichomkosesha raha ni kitanda cha jirani. Kilikuwa kitupu tangu wiki iliyopita, shuka limenyooshwa halina kunyanzi. Mtoto aliyekilalia aliondoka ndani ya siku mbili, kwa homa iliyoanzia kwenye kidonda cha ndani ya shavu. Tangu jana, mama akitulia tu, anasikia kwenye sinki la pembeni kinywa kidogo kikisukutua, gurugurugu, kisha kutema. Akigeuka, sinki kavu. Asubuhi hii alisikia mara mbili, na jua limejaa dirishani.

"Mama, nani yuko kwenye sinki?" Bosi akauliza.

Mama akamgeukia haraka. "Nani kakwambia kuna mtu?"

"Si wewe unaangalia huko kila saa."

Nesi akaingia na tochi yake mfukoni. "Shikamoo Bosi."

"Marahaba. Umechelewa."

Nesi akacheka, akapitisha macho kwenye karatasi. "Tiki zote zipo. Hongera, mama. Basi sikusumbui, wenzako kumi na wawili wananisubiri." Akageuka kwenda.

Gurugurugu, sinki likasema.

"Sista, ngoja." Mama akasimama. "Hizo tatu za mwisho si za kweli. Nilimwonea huruma."

Nesi akakitazama kile kitanda kitupu. "Hata mama wa hapo alimwonea huruma mwanawe," akasema taratibu.

Akawasha tochi, akamulika kinywani mwa Bosi. Nyuma ya jino la mwisho palikuwa na kidonda cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Kipimajoto kikaonyesha joto limeanza kupanda.

"Tumewahi, sista?"

"Ungeniambia jana, ningekujibu."

Daktari akaitwa. Kabla ya saa sita dripu ya dawa ya kuua vijidudu ilikuwa inatiririka, na nesi alikuwa ameleta kijiti chenye sponji laini badala ya mswaki.

"Kumbe kuna hii?"

"Ipo kwa ajili ya ufizi unaotoa damu. Ungeuliza tu."

Mama akachovya sponji, akamshika mwanawe kidevu.

"Ukiniumiza nakufukuza kazi," Bosi akasema, machozi yakimlengalenga.

"Nifukuze ukishatema."

Alipita jino kwa jino, polepole. Kisha Bosi akasukutua, akatema kwenye beseni. Maji yalikuwa na wekundu wa mbali. Mama aliyatazama bila kugeuza uso, akamjazia kikombe tena.